Vijipande vya Magazeti ya Zamani



Historia ina mlango mkubwa, ambao hupita masultani, magavana na majemadari, na ina mlango wa uani, ambao hupita watu wa nyumbani. Safari hii nataka nikupitisheni mlango wa uani. Nitazungumza juu ya vijipande vya magazeti ya zamani: vile vilivyokatwa kwa mkasi wa cherehani, vikakunjwa mara nne, vikatiwa chini ya kasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa na picha za harusi, vikavuka bahari pamoja nasi mpaka huku. Nyumba zetu nyingi zinavyo. Watoto wetu wengi hawajui ni vya nini. Wanaviona vimegeuka rangi ya chai ya maziwa, wanauliza kama vyaweza kutupwa.

Jawabu langu ni kwamba visitupwe, na sababu zake nitazieleza moja moja.

MAGAZETI YA KWETU

Zamani mji wa pwani ulikuwa na mpiga mbiu. Alipita njiani akipiga pembe, watu wakatoka milangoni kusikiliza amri ya mkubwa au habari ya kitu kilichopotea. Ndiyo asili ya ile methali yetu, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ubaya wa mbiu ni mmoja tu: ikishalia imekwisha. Aliyekuwa shamba hakuisikia, na mjukuu wake hataisikia kamwe.

Gazeti ni mbiu inayokaa. Kwetu sisi gazeti linalohesabiwa kuwa la mwanzo kwa lugha ya Kiswahili ni Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika chuo cha misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Chuo hicho kilikuwa na vijana wengi waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kurasa zake zilijaa habari za vituo vya misheni, vya visiwani na vya bara: nani kawasili, nani kaoa, nani kafariki. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyetekwa nyara, akauzwa, ambaye jina la kijiji chao amelisahau, leo habari zake zinachapwa na kusomwa kama habari za mtu mwenye kwao.

Mwaka 1892 lilianza gazeti la Kiingereza lililoitwa Gazette for Zanzibar and East Africa. Hilo lilikuwa la wakubwa na wafanyabiashara, lakini nalo lilikuwa na mambo yake madogo: meli zilizoingia na zilizotoka, na bei ya karafuu. Baadaye likaja Samachar, gazeti la Wahindi wa Unguja, kwa Kigujarati na Kiingereza. Mwaka 1911 Sheikh Nasir bin Salim al-Rawahi, mshairi na kadhi, akaanzisha Al-Najah kwa Kiarabu. Mwaka 1929 Jumuiya ya Waarabu ikatoa Al-Falaq. Katika miaka ya 1940 wakawako Mwongozi na Afrika Kwetu, nitakaowarudia baadaye, maana hao wawili hawakuwa wakisalimiana.

Bara nako kulikuwa na yao. Huko Tanga, katika skuli ya serikali ya Wadachi, lilitoka Kiongozi kuanzia mwaka 1904 mpaka vita vilipolizima mwaka 1916. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na humo mlikuwa na sehemu ya habari za miji, iliyoandikwa na watu wa miji yenyewe. Karani wa bomani au mwalimu wa skuli, jioni baada ya kazi, alikaa barazani akaandika ya kwao: mvua zimechelewa, simba kaonekana, daraja limechukuliwa na maji. Kisha akapeleka posta akangoja mwezi mzima aone kama jina la mji wake limetoka.

Na Mombasa, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, akiwaasa watu wa mji juu ya elimu, israfu za harusi na mila mbovu. Mwaka 1932 akafuatiliza gazeti la Al-Islah. Sahifa ilikuwa karatasi tu, ya kusomwa ikapita. Lakini maneno yake yalihifadhiwa, yakakusanywa yakawa kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 kitabu hicho kikatoka Ulaya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wanavyuoni wa dunia wakakisoma. Mwenye kudharau vijipande vya karatasi na aukumbuke mfano huu.

KWA NINI MAMBO MADOGO

Mtu atauliza, kwa nini magazeti ya miji midogo yalijaa mambo madogo? Sababu ni tatu, na zote ni za kazi.

Ya kwanza, habari kubwa zilikuwa ghali. Zilikuja kwa simu ya waya, na simu ililipiwa kwa neno. Habari ya punda wa jirani ilikuja kwa miguu yake, bure. Ya pili, herufi zilipangwa kwa mkono, moja baada ya moja, na ukurasa haukuweza kwenda mashineni ukiwa na pengo. Mpangaji akiona chini ya safu pamebaki nafasi ya mistari minne, alitafuta habari ya mistari minne. Hapo ndipo Bwana Fulani, aliyekwenda Chwaka kupunga hewa akarudi salama, alipopata bahati ya kuingia katika historia. Ya tatu, na ndiyo kubwa, msomaji alikuwa akiwajua watu wenyewe. Gazeti la mji mkubwa humwandika mtu anapouawa. Gazeti la mji mdogo humwandika anapopona homa, kwa kuwa watu walikwisha kwenda kumtazama na wanataka kujua amefikia wapi.

Ndiyo maana vijipande hivi vina ucheshi wake. Mhariri huandika habari ya mbuzi aliyeingia dukani kwa maneno yale yale mazito ya kuandikia kikao cha baraza la kutunga sheria. Hakukusudia kuchekesha. Mbuzi alikuwa jambo, na duka lilikuwa la mtu anayejulikana.

Mimi ninavyo vijipande 11 alivyoviacha marehemu mama yangu ndani ya kopo la biskuti. Kimoja ni orodha ya waliofaulu mtihani, na jina la ami yangu limepigiwa mstari kwa wino mwekundu, ijapokuwa lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Kingine ni tangazo la punda aliyepotea, mwenye mguu mmoja mweupe, na malipo kwa atakayemrejesha. Punda hakuwa wetu. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini mama alimweka, mpaka siku moja nilipokigeuza kijipande. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya tangazo la harusi ya shoga yake. Mkasi ulikuwa umekata harusi, na punda akaponea humo humo.

Hili ni jambo la kuzingatia. Kila kijipande kina pande mbili: ule aliouchagua mkataji, na ule uliofuata nyuma bila ya kuchaguliwa na mtu. Mara nyingi ule wa nyuma ndio unaotueleza zaidi, kwa sababu haukupambwa wala haukuteuliwa.

MAGAZETI YA HUKU

Sisi tulioingia Sydney tumekuta nchi yenye mapenzi makubwa na magazeti yake madogo. Gazeti la mwanzo la Australia, Sydney Gazette, lilitoka tarehe 5 Machi 1803, na mchapaji wake George Howe alikuwa mfungwa, mzaliwa wa visiwa vya West Indies, aliyeletwa huku kutumikia kifungo. Baadaye kila mji uliopata posta na hoteli ulitaka na gazeti lake. Penrith walikuwa na Nepean Times, Fairfield walikuwa na The Biz. Parramatta, ambako baadhi yenu mnakaa, kulikuwa na gazeti lililoitwa The Cumberland Argus and Fruitgrowers Advocate, yaani pamoja na habari za wilaya lilikuwa pia mtetezi wa wakulima wa matunda. Enzi hizo vilima vya kaskazini mwa Parramatta vilikuwa mashamba ya michungwa. Gazeti hilo lilikuwako zama zile zile za Msimulizi. Basi zama moja, huku na kule, watu wa miji midogo walikaa wakaandika nani kaoa na nani kavuna.

Ukiyasoma magazeti haya utadhani uko nyumbani. Kuna wanyama waliokamatwa wakizurura, kila farasi na rangi yake na chapa yake ya begani, mwenyewe aje alipe faini amchukue. Kuna ugomvi wa baraza la mji juu ya bomba la maji. Kuna mpira. Kuna shukrani za waliofiwa.

Na kuna sisi. Waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Aden na Unguja mwaka 1879, na Australia ilikwisha kuunganishwa na dunia kwa simu mwaka 1872. Kwa hivyo tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoipiga kwa mizinga kasri ya Unguja, saa tatu asubuhi, ili kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash, magazeti ya Australia yaliichapa habari hiyo wiki ile ile. Vita vile havikutimiza saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Msomaji wa mji wa ng'ombe na ngano aliisoma habari hiyo kwenye karatasi ile ile aliyosomea bei ya siagi. Pengine hakujua Unguja iko wapi. Mabibi na mababu zetu walikuwa chini ya mizinga ile.

Watoto wanaweza kuyaona hayo wenyewe. Maktaba ya Taifa iliyoko Canberra ilianzisha mwaka 2009 hazina ya mtandao wa kompyuta iitwayo Trove, ambamo magazeti zaidi ya 1,000 yamepigwa picha, mengi yao mpaka mwaka 1954, na yeyote aweza kuyasoma bure akiwa kitandani. Mashine husoma herufi zilizofutika na kukosea, na wananchi wa kawaida, wengi wao wastaafu kama mimi, hukaa wakazisahihisha mstari kwa mstari bila ya malipo. Kwa nini magazeti haya yalibaki? Si kwa bahati. Sheria ya New South Wales ya mwaka 1879 iliwalazimisha wachapaji kuweka nakala maktabani. Hata hivyo karatasi inataka fedha. Hazina hiyo ya Trove ilikaribia kukosa pesa za kuendeshea, mpaka mwezi wa Aprili 2023 serikali ilipotangaza dola milioni 33 kwa miaka minne.

Sisi kwetu tuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, na waliozitunza wanastahiki shukrani. Lakini nakala nyingi za magazeti yetu hazikufika Kilimani. Zilifungiwa karanga, zilivishwa madaftari ya skuli, zilibandikwa ukutani kuzuia vumbi la chokaa. Na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 magazeti ya vyama yalikufa yote, na nimesikia katika nyumba zaidi ya moja kwamba wazee walichoma karatasi zao usiku kwa kuchelea kukutwa nazo. Kwa sababu hiyo kijipande kilichomo kashani mwako Auburn au Lakemba chaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki duniani.

NAMNA YA KUKIJUA UMRI WAKE

Tatizo la kijipande ni kwamba mkasi haukati tarehe. Aliyekikata aliijua siku ile, akadhani haitasahauliwa. Nilipokuwa nikisomesha niliwapa wanafunzi zoezi hili, nanyi lifanyeni na watoto wenu.

Tazama fedha. Ikiwa bei imetajwa kwa rupia, basi Unguja hiyo ni ya kabla ya mwaka 1936, maana mwanzo wa mwaka huo shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia. Huku Australia, bei ikiwa kwa pauni na shilingi ni kabla ya tarehe 14 Februari 1966, siku ilipoingia dola. Tazama Sultani. Sayyid Khalifa bin Harub alitawala tangu mwaka 1911 mpaka 1960, Sayyid Abdullah mpaka 1963, Sayyid Jamshid mpaka Januari 1964. Akitajwa Abdullah, umekwisha bana miaka mitatu tu. Tazama sinema: ikiitwa Sultana, ni kabla ya Mapinduzi, maana baadaye nyumba ile ile iliitwa Cine Afrique. Na usisahau kukigeuza. Harusi ya mbele haina mwaka, lakini filamu ya nyuma inao.

Zoezi hili lina faida nyingine. Mtoto wa Sydney ambaye humwambii kitu juu ya masultani akakusikiliza, ukimpa kijipande akitafutie mwaka, mwenyewe atauliza Khalifa alikuwa nani.

SHAHIDI MWENYE UPANDE

Sasa nafika penye uzito. Gazeti ni shahidi, lakini ni shahidi mwenye upande. Magazeti ya huku yaliandika sana juu ya wale waongoza ngamia walioitwa Waafghani, ijapokuwa wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Waislamu wale ndio waliobeba mizigo ya jangwani kabla ya reli na malori. Mara nyingi waliandikwa kwa dharau. Wajukuu wao leo wanavitafuta vijipande hivyo hivyo vya dharau, kwa sababu humo mna majina na mahali, na dharau yenyewe ni ushahidi wa walichovumilia.

Kwetu vipo vya namna hiyo, tena tuliandikiana wenyewe kwa wenyewe. Wazee wanaijua ile miaka tunayoiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 mpaka 1963. Mwongozi ulisimama na Hizbu, Afrika Kwetu ikasimama na Afro-Shirazi, na visivyoandikwa katika magazeti vilipigiwa kelele mikutanoni. Watu waligomeana maduka. Jirani aliacha kumzika jirani. Mwezi wa Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, watu 68 waliuawa. Yaliyokuja mwaka 1964 sina haja ya kuyaeleza kwenye kitabu hiki, kwa kuwa hapana nyumba humu isiyokuwa na jina la kuliombea.

Katika jamaa zetu hapa Sydney wamo wajukuu wa Hizbu na wajukuu wa Afro-Shirazi, na wamo waliooana. Na katika makasha yetu vimo vijipande vya pande zote mbili. Nimesikia mara kadhaa rai ya kwamba vile vya siasa vichomwe, watoto wasivione, tusije tukafukua makaburi. Wanaosema hivyo wanasema kwa huruma, na baadhi yao ni wakubwa zangu. Nami kwa adabu nasema: sikubaliani. Lakini pia sikubaliani na mwenye kuweka vya siasa peke yake na kuvitupa vile vidogo kwa kudhani havina maana.

Nitaeleza kwa kijipande kimoja cha kopo la mama. Ni tangazo la shukrani baada ya mazishi ya babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Pembeni mama ameandika kwa penseli, 1958. Familia inawashukuru waliokuja, waliosaidia na waliotuma salamu. Limetajwa jina la daktari Mgoa aliyemtibu babu mpaka mwisho. Yametajwa majina ya Wangazija wawili waliosoma hitima, mfanyabiashara Mhindi aliyetoa gari lake, Washihiri wa mtaani, na wavuvi waliokuja kutoka shamba kwa miguu. Wametajwa kwa majina, mmoja mmoja, watu wa kila kabila na wa vyama vyote viwili. Ami yangu aliwajua, na yeye ndiye aliyenionyesha kwa kidole: huyu alikuwa wa huku, yule alikuwa wa kule.

Tangazo lile halikuandikwa ili kuleta mapatano. Liliandikwa kwa sababu ni adabu kumshukuru mtu aliyekuzikia. Lakini ukiliweka mezani pamoja na kurasa za kwanza za magazeti ya mwaka ule, unaona jambo ambalo kurasa za kwanza hazikuambii. Watu wale wale waliokuwa wakitukanana kwa herufi kubwa, wako waliokuwa bado wanachukuliana jeneza, na jambo hilo likaandikwa kwa herufi ndogo. Yote mawili ni kweli. Mtoto akipewa vichwa vya habari peke yake, ataamini kwamba mababu zake walikuwa maadui tangu asili. Akipewa matangazo ya shukrani peke yake, ataamini kwamba hapakuwa na ubaya wowote, na hataelewa kwa nini tuko Sydney. Apewe yote.

Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa ya kijipande kidogo. Vitabu vya historia ya Zanzibar vimejaa vyama, kura na majina ya viongozi, na ni haki yake. Wavuvi waliotembea kwa miguu kuja kumzika mtu wa mjini mwaka 1958 hawamo katika kitabu chochote. Wamo katika karatasi ya upana wa vidole vitatu.

OMBI LANGU

Nimalizie kwa mambo ya vitendo, maana mwalimu hata akistaafu hawezi kuacha kutoa kazi ya nyumbani.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa ubao uliosagwa, ndiyo maana inageuka rangi na kuvunjika. Vijarida vya mwanzo wa karne ya kumi na tisa vilitengenezwa kwa karatasi ya matambara, navyo mara nyingi viko vyeupe kuliko gazeti la juzi. Adui wa kijipande ni jua, joto na unyevu. Kitoe katika fremu ya ukutani inayopigwa na jua. Usikibandike kwa utepe wa gundi, wala usikitie ndani ya plastiki ya kuchomwa kwa moto, kwa kuwa hakitatoka tena. Kinyooshe taratibu, kiweke baina ya karatasi safi zisizo na asidi, zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya wachoraji, kisha ndani ya bahasha, pahala pakavu penye giza. Kipige picha kwa simu yako, mbele na nyuma, usiache nyuma. Na kwenye bahasha, wala si kwenye kijipande, andika kwa penseli: kilikuwa cha nani, nani anayetajwa, na nani amekueleza.

Hilo la mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Karatasi ikitunzwa yaweza kungoja miaka mingine hamsini, lakini mtu anayejua kwamba huyu ni wa huku na yule ni wa kule hawezi kungoja hivyo. Ami yangu aliyenisomea tangazo lile amekwisha kutangulia mbele ya haki. Angefariki mwaka mmoja kabla sijamuuliza, ningebaki na orodha ya majina matupu.

Basi kila nyumba na ifungue kasha. Mwite bibi, mwite babu, mwite shangazi aliyeko Dubai, Maskati au Mombasa kwa simu ya picha, umwonyeshe kijipande umsikilize. Kile cha siasa usikifiche, na kile cha punda usikidharau. Mwaka ujao, Mungu akitujaalia uhai, tumwombe mhariri atutengee kurasa chache katika kitabu hiki, tuvichape vile ambavyo wenyewe wameridhia, vya pande zote, vikubwa na vidogo, kila kimoja na maelezo yake mafupi. Magazeti yetu ya kale yalikuwa hivyo hivyo: ya watu wanaojuana, wakiandikiana mambo ya watu wanaojuana.